Tolstoy na Shujaa wa Kaukazi

Wasomaji wengi wakilisikia jina la Leo Tolstoy, bingwa wa riwaya wa Urusi, hukumbuka "Vita na Amani" au "Anna Karenina". Leo napenda tukitazame kitabu chake kidogo kimhusucho Muislamu: "Haji Murat".

Tolstoy alizaliwa mwaka 1828 katika ukoo wa makabaila. Mwaka 1844 aliingia Chuo Kikuu cha Kazan kusoma Kiarabu na Kituruki, lakini hakudumu. Mwaka 1851 akenda milima ya Kaukazi, ambako majeshi ya Urusi yalikuwa yakipigana na Imamu Shamil. Baadaye naye akawa askari.

Mwaka huo huo Haji Murat, naibu mashuhuri wa Imamu, alikhasimiana na mkuu wake akajisalimisha kwa Warusi. Tolstoy, kijana wa miaka 23, alimwandikia nduguye kuwa shujaa yule ametenda jambo la aibu.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 1896 Tolstoy, sasa mzee, aliona shambani mmea wa miba uliokanyagwa, nao bado umesimama. Ukamkumbusha Haji Murat. Akaanza kuandika na kufuta, huku akitafuta habari kwa kila aliyejua kisa kile.

Je, alikuta nini? Alikuta kwamba mama, wake na watoto wa shujaa yule walikuwa mikononi mwa Shamil. Haji Murat alitaraji Warusi wamsaidie kuwakomboa, nao wakamzungusha kwa ahadi. Mwaka 1852 akatoroka awafuate mwenyewe, akazingirwa na kuuawa.

Riwaya yenyewe haina upendeleo. Shamil haoneshwi kuwa malaika, na Mfalme Nikolai wa Kwanza anavuliwa nguo hadharani. Iko sura moja nzito mno: wanakijiji wanarejea makwao na kukuta nyumba zimechomwa, mtoto ameuawa, kisima na msikiti vimenajisiwa na askari. Na aliyeyaandika hayo ni mtu aliyekuwa upande wa askari hao!

Tolstoy alifariki mwaka 1910, kitabu kikachapishwa mwaka 1912. Naam, kijana alimhukumu mwenziwe kwa barua moja. Mzee alihitaji miaka minane, toka 1896 hata 1904, kuifuta hukumu ile. Nasi tunaohukumu watu barazani, tumezingatie.