Wazee Kongwa waangalie magadi, si chumvi pekee

SHINIKIZO la juu la damu mara nyingi halina dalili. Wazee wengi hugundua kuwa wanalo siku wanapopatwa na kiharusi au moyo unaposhindwa kufanya kazi yake.

Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulibaini kuwa takriban watu saba kati ya kumi wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na tatizo hilo, na wengi wao hawakujua. Utafiti huo ulihusu wakazi wa vijijini, hivyo dhana kuwa haya ni maradhi ya matajiri wa mjini haina msingi.

Shinikizo huhesabiwa kuwa la juu linapofikia 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku mbili tofauti. Umri unapoongezeka, mishipa ya damu hukakamaa. Chumvi ikizidi mwilini huvuta maji, damu huongezeka ujazo na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Ndiyo maana wazee huhitaji ushauri wa mtindo wa maisha, ila kumwambia mzee "punguza chumvi" pekee hakutoshi. Mshauri anapaswa kwanza kuuliza mzee anakula nini na nani humpikia. Mke, binti au mkamwana anayeshika mwiko naye asikie ushauri huo.

Kwa wilaya kama Kongwa, mkoani Dodoma, ugali wa uwele au mtama hauna tatizo. La kuangaliwa ni mboga. Magadi yanayopikiwa mlenda yana sodiamu, madini yale yale yaliyomo katika chumvi. Anayepunguza chumvi huku magadi yakibaki palepale amefanya nusu ya kazi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu tano za chumvi kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai. Ukwaju, nyanya na karanga zisizotiwa chumvi zaweza kuipa mboga ladha.

Mzee anayelima au kuchunga tayari anafanya mazoezi. Anayeshinda ameketi aanze kutembea kidogo kidogo, akilenga dakika 150 kwa wiki kadiri afya yake inavyomruhusu. Tumbaku iachwe, na pombe ipunguzwe au iachwe kabisa.

Hata hivyo, ushauri hauchukui nafasi ya dawa. Wapo wanaoziacha wakijisikia nafuu, ilhali nafuu hiyo huenda imeletwa na dawa zenyewe. Anayepata kizunguzungu anaposimama amweleze mhudumu wa afya, asijipunguzie dozi mwenyewe.

Mabadiliko yaanze na jambo moja, kisha mzee arudi kupimwa baada ya mwezi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Aliyefikia umri huo aombe kupimwa shinikizo kila aendapo zahanati, hata kama kilichompeleka ni kikohozi.