Mwaka unageuka: Hesabu ya siku na daftari la mali kauli

RUSUMO mwaka mpya huingia mara mbili. Saa sita usiku wa Desemba 31 inapofika upande wa Tanzania, ng'ambo ya daraja la Mto Akagera, upande wa Rwanda, bado ni saa tano. Hali ni hiyo hiyo Kabanga na Kobero, Tunduma na Nakonde, Mpondwe na Kasindi. Dereva anayevuka kuelekea magharibi hurudishiwa saa moja kwenye simu yake.

Saa hiyo ni ya simu tu. Hakuna aliyewahi kuongezewa umri kwa kuvuka mpaka. Usiku huo makanisa ya pande zote mbili hupokea watu wa mkesha, miongoni mwao wauza mchele, wachuuzi wa vitenge, mawakala wa forodha na wapagazi.

Desturi ya kukesha ilienezwa na Wamoravian na Wamethodisti tangu karne ya 18. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na leo mkesha ni wa madhehebu karibu yote katika ukanda huu.

Andiko linaloufaa usiku huo ni Zaburi ya 90, ambayo kichwa chake kinaitaja kuwa sala ya Musa. Inataja umri wa miaka 70, au 80 kwa mwenye nguvu, kisha inaomba binadamu afundishwe kuhesabu siku zake. Mfanyabiashara wa mpakani hashindwi na hesabu. Hubadili shilingi kuwa faranga kichwani, na gunia likipungua kilo mbili analijua kwa kulinyanyua. Siku zake ndizo zinazompita bila kuhesabiwa.

Musa mwenyewe aliishia mpakani. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinaeleza kuwa aliiona nchi ya ahadi akiwa mlimani, akafa bila kuvuka Yordani. Safari haikufia pale, kwa kuwa alikuwa amemwandaa Yoshua mbele ya watu wote. Kila aliyehusika alijua nani anashika uongozi.

Mipango ya mwaka mmoja

Yakobo, katika sura ya 4 ya waraka wake, anawasema wafanyabiashara waziwazi: wale wanaopanga kwenda mji fulani, kukaa mwaka mzima na kurudi na faida, ilhali ya kesho hawayajui. Maisha anayafananisha na mvuke unaoonekana kidogo na kutoweka. Hakatazi safari wala faida. Anachokemea ni majivuno ya mtu anayepanga kana kwamba kesho ameshaitia mfukoni.

"Mungu akipenda" ni neno linalosikika kila siku stendi na sokoni. Lakini anayelisema kwa dhati hufanya pia maandalizi ya siku ambayo hatarudi.

Hapo ndipo wengi hukwama. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo kupitisha bidhaa zinazostahili, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kwa cheti chepesi cha uasili. Cheti hicho kinausemea mzigo getini. Hakisemi nani anamdai nani baada ya mzigo kushushwa.

Mchele ukitoka Kahama kwenda Kigali, sehemu unaweza kulipwa taslimu na sehemu ukaachwa kwa mali kauli. Mwenye mzigo akifariki njiani, mdaiwa anaweza kuwa mwaminifu na bado asimjue mjane. Mwingine anafika msibani na deni ambalo hakuna wa kulithibitisha. Simu imefungwa, namba ya siri aliijua marehemu peke yake. Mjane anabaki na mirathi yenye nchi mbili, sarafu mbili na mahakama mbili. Kweli mali bila daftari hupotea bila habari.

Jumuiya yenyewe inalijua jambo hili. Ile ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977, na makubaliano ya kugawana mali na madeni yake yalitiwa saini mwaka 1984. Ikiwa serikali zenye wanasheria zilihitaji miaka saba, mjane asiye na karatasi atahitaji mingapi?

Si uchuro

Wapo wanaoona kuandika wosia ni uchuro. Biblia ina jibu lake: mfalme Hezekia aliambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa atakufa, akaomba, akaongezewa miaka 15. Wengine huficha biashara kwa kuogopa ndugu. Lakini ukimya huwafaa zaidi wale wenye mikono myepesi. Mjane na watoto ndio wanaohitaji maandishi.

Kazi yenyewe haizidi jioni moja: jina la kila mdaiwa na kila mdai, kiasi, sarafu, tarehe, na shahidi mmoja kila upande wa mpaka. Nakala moja ibaki nyumbani, na mwenza au mtoto mkubwa aonyeshwe ilipo. Jirani Mwislamu sokoni hatashangaa, maana Qurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 282, inaagiza madeni yaandikwe.

Kisha kuna ujira wa mpagazi. Torati inataka kibarua alipwe siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, kwa sababu ni maskini na moyo wake uko kwenye ujira huo. Kwenda mkesha kushukuru kwa mwaka, huku aliyepakia magunia ya Krismasi akiwa bado anazungushwa, ni hesabu isiyofungwa.

Mizigo ya Januari itapangwa kama kawaida, na ni sawa ipangwe. Lori la kwanza liondoke daftari likiwa limeandikwa, na nyumbani kuna mtu anayejua kulisoma.