Mteremko wa Paa: Nambari ya Kukagua Kabla ya Kununua Mabati

Mkaazi anayepanga kujenga huwa makini na idadi ya vyumba, upande wa mlango na ukubwa wa sebule. Paa huachiwa fundi. Ilhali ramani inapochorwa kwa programu ya kompyuta, kama vile ArchiCAD au Revit, mengi kuhusu paa huwa yameamuliwa kabla fundi hajafika, na huamuliwa kwa nambari moja: mteremko. Nambari hiyo hugusa idadi ya mabati, ukubwa wa kenchi na bei ya nyumba nzima.

Paa huchorwaje?

Msanifu huanza na mzingo wa kuta. Kisha huongeza upenu, yaani sehemu ya paa inayotokeza nje ili mvua isiloweshe ukuta. Baada ya hapo huionyesha programu ni kingo zipi za paa zitakazokuwa na mteremko, na ni wa kiasi gani.

Kwa nyumba ya mstatili, kingo zote nne zikipewa mteremko, paa huinama pande nne. Zikipewa mbili zinazotazamana, paa huinama pande mbili, na kuta za mwisho hupanda kwa umbo la pembetatu. Ukipewa ukingo mmoja pekee, maji yote hushukia upande huo. Programu yenyewe hukokotoa mahali pande zinapokutana, na msanifu huinua kuta hadi zishikane na paa.

Nambari ikibadilika

Chukua nyumba yenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 10, na upenu wa sentimita 60 kila upande. Paa likiinama pande mbili kwa nyuzi 15, kilele huinuka takriban mita 1.1 juu ya ukuta, na eneo la kuezeka ni kama mita mraba 107. Kwa nyuzi 30, kilele hufika mita 2.3, na eneo huwa mita mraba 119. Hizo ni mita mraba 12 zaidi za mabati, kando na mbao ndefu zaidi za kenchi.

Hii haimaanishi kwamba paa la chini ndilo bora. Mabati huweza kuezekwa kwa mteremko mdogo. Vigae huhitaji mteremko mkubwa zaidi, na makuti mkubwa kabisa, kwa kuwa maji yakikawia juu yake hupenya. Kwa hivyo chagua kwanza utaezeka kwa nini, kisha mteremko ufuate.

Jihadhari pia na kipimo. Mteremko huandikwa kwa nyuzi au kwa asilimia, na viwili hivyo si kitu kimoja. Asilimia 30 ni karibu nyuzi 17 tu. Mmoja akisoma "30" kama nyuzi na mwingine kama asilimia, kilele cha nyumba hiyo hiyo kitatofautiana kwa zaidi ya mita moja.

Dhana mbili za kurekebisha

Wengi huamini paa la pande nne lina eneo kubwa kuliko la pande mbili. Kama mzingo na mteremko ni ule ule, eneo ni sawa. Gharama huongezeka kwa sababu mabati hukatwa kwa mshazari, vipande hubaki, na viungo vya kufunika huwa vingi.

Pili, paa lenye mteremko mkali halivuni maji mengi zaidi. Yanayohesabiwa ni eneo la ardhi lililofunikwa na paa. Nyumba ya mfano wetu imefunika takriban mita mraba 103, kwa hivyo mvua ya milimita 10 huleta karibu lita 1,030, kabla ya kutoa yanayopotea njiani.

Muulize msanifu wako

• Mteremko ni kiasi gani, na ni kwa nyuzi au kwa asilimia?
• Je, unafaa kifaa cha kuezekea nilichochagua?
• Eneo la paa ni mita mraba ngapi, upenu ukiwemo?
• Pande mbili za paa zinakutana wapi na kufanya bonde? Maji mengi hupita hapo, na ndipo uvujaji huanzia mara nyingi.
• Naomba mchoro unaoonyesha nyumba ikiwa imekatwa katikati, ili nione urefu wa kilele.

Chini ya Sheria ya Upangaji wa Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, ujenzi huhitaji kibali kutoka kwa serikali ya kaunti, na kibali hutolewa kwa ramani iliyowasilishwa. Kubadilisha mteremko kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache. Kuubadilisha kenchi zikiwa zimeshapandishwa ni kununua mbao mara ya pili. Kagua nambari hiyo kabla ya kuwasilisha ramani yako.