Anayeuguza Naye Ahesabiwe Katika Bajeti

Maombi mengi ya msaada wa matibabu huandikwa kwa mistari mitatu: nauli ya mgonjwa, gharama za matibabu, na dawa. Mstari wa nne husahauliwa. Huo ni wa mama, shangazi au kaka anayekwenda na mgonjwa na kubaki naye hadi aruhusiwe. Makala hii inaeleza kwa nini mstari huo ni wa lazima, hasa kwa familia za kando ya Ziwa Tanganyika.

Kwa nini mgonjwa hawezi kwenda peke yake

Wafadhili wa Ulaya wamezoea hospitali inayompa mgonjwa chakula, shuka na maji ya kuoga. Katika hospitali nyingi za Tanzania kazi kubwa ya aina hiyo hufanywa na ndugu. Muuguzaji ndiye apikaye uji, afuaye nguo, akimbiaye dirisha la dawa na kwenda maabara kuchukua majibu. Wauguzi wa wodi wana wagonjwa wengi, hivyo asiye na ndugu hutaabika.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilitaja makundi ya msamaha wa kulipia huduma, wakiwemo wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Hata hivyo, msamaha huo ni wa matibabu ya mgonjwa. Nauli, malazi na chakula cha muuguzaji havimo. Ndiyo maana familia huweza kukaa na mgonjwa nyumbani siku kadhaa ingawa matibabu yenyewe ni bure.

Saa ya boti na saa ya wodi

Vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo na Kagunga hutegemea sana boti za abiria zinazotia nanga Kibirizi. Kwa kawaida boti hizo huingia asubuhi na kuondoka kurudi kati ya saa sita na saa nane mchana, na Jumapili nyingi hazisafiri. Hospitali nazo kwa kawaida huruhusu kuwaona wagonjwa asubuhi mapema, mchana na jioni. Saa ya mchana mara nyingi huwa ni hiyo hiyo ya boti kuondoka.

Hivyo basi, mtu aliyetoka Kagunga kumjulia hali ndugu yake Hospitali ya Mkoa ya Maweni ana njia mbili: arudi bila kumwona, au amwone na kulala mjini. Akifika Jumamosi, huenda akakaa hadi Jumatatu. Kwa upande wa kusini, barabara ya Simbo, Ilagala hadi Kalya inasaidia, lakini ni safari ndefu na Mto Malagarasi ni lazima uvukwe. Aidha, kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huchafua ziwa na ratiba huvurugika. Kamati ihesabu siku moja au mbili za ziada.

Gari, maegesho na lango

Usharika ukiwa na gari, au ukikodi teksi kutoka Kibirizi au Ujiji, dereva aelekezwe mambo matatu. Kwanza, amshushe mgonjwa mlangoni kisha aondoe gari mara moja, kwa kuwa nafasi hiyo ni ya gari la wagonjwa. Pili, aulize mlinzi mahali pa kuegesha. Gari lililofunga lango linaweza kumchelewesha mama mwenye uchungu wa uzazi. Tatu, asiondoke mpaka mgonjwa apokelewe, maana anaweza kupewa rufaa au kurudishwa nyumbani saa hiyo hiyo.

Tatizo la gharama za wanaomwona mgonjwa si letu peke yetu. Huko Uingereza ada ya kuegesha gari hospitalini imelalamikiwa miaka mingi, na Wales na Scotland zilianza kuiondoa katika hospitali zao nyingi mwaka 2008. Hoja ilikuwa kwamba anayemfuata mgonjwa wake asitozwe kwa kufanya hivyo. Kwetu wengi hawana gari la kuegesha, lakini nauli ya boti na kitanda cha usiku ni mzigo wa aina hiyo hiyo.

Mahali pa kulala na maji safi

Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga, wakaletwa Kigoma kwa meli ya Liemba na wengine kuhifadhiwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Kipindupindu kilizuka na kuua watu. Tulijifunza kwamba watu wengi wakikusanyika kusubiri bila vyoo na maji salama, kungoja kwenyewe huwa hatari. Somo hilo linawahusu pia ndugu wanaolala vibarazani. Muuguzaji akiugua, mgonjwa amepoteza msaada wake na familia imepata wagonjwa wawili.

Mambo ambayo kamati inaweza kufanya

1. Iandike mstari wa muuguzaji katika kila ombi: nauli ya kwenda na kurudi, chakula kwa siku, malazi, na akiba ya dharura.

2. Iwe na orodha ya familia za Kigoma mjini, Mwanga na Ujiji zilizo tayari kumpokea mgeni, na isiielemee familia moja kila mara.

3. Ihakikishe mgonjwa ana barua ya rufaa, kadi ya kliniki au ya bima, na kitambulisho au barua ya mtendaji wa kijiji. Kukosa karatasi moja kunaweza kuwa safari nyingine ya boti.

4. Ipange zamu. Muuguzaji mmoja kwa wiki mbili mfululizo huchoka, na watoto na shamba alivyoviacha huharibika.

5. Ipunguze misafara. Watu kumi wakienda kumjulia hali mgonjwa hujaza wodi na kutumia nauli kumi. Waende wawili, na nauli za wanane apewe muuguzaji anunue unga, dagaa na mkaa.

6. Iulize mapema kama kuna rufaa ya Bugando, Mwanza. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limeondoa kungoja kivuko. Hata hivyo, safari bado ni ndefu, na Mwanza muuguzaji wetu huenda asiwe na ndugu hata mmoja.

Kwa wafadhili tunaomba jambo moja. Mkiona mstari wa chakula na malazi ya mtu ambaye si mgonjwa, msiufute mkidhani ni nyongeza isiyo ya lazima. Katika vijiji vya ziwani swali la kwanza mtu akizidiwa usiku ni nani ataondoka naye asubuhi, na huyo atakula nini. Familia isipopata jibu, boti huondoka bila mgonjwa. Kamati zijadili jambo hili katika kikao kijacho, kabla ombi jingine halijaandikwa.