Marekani: Lori likigonga siku ya mapumziko, nani analipa?

Kati ya Wakongomani waliopokelewa Marekani kama wakimbizi, kuna wanaoishi kwa kazi ya kuendesha malori, na wengine wamefika kununua lori lao wenyewe. Lakini kuwa na lori si kuwa na uhuru wote. Mara nyingi mwenye lori analikodisha kwa kampuni ya usafirishaji, anabeba mizigo yake na kutembea kwa kibali chake.

Sheria ya serikali kuu inaomba kampuni inayovusha mizigo ya kawaida toka jimbo moja hadi lingine iwe na bima ya dola 750 000 kwa uchache. Kiwango hicho hakijapanda tangu miaka ya 1980. Bima hiyo inalipa watu walioumizwa barabarani wakati lori liko kwa kazi ya kampuni. Mkataba lazima useme nani analipa bima zingine, hata ile ya lori likitembea bila remoroki. Ukurasa huo, wengi wanautia sahihi bila kuusoma.

Shoferi akishusha mzigo Ijumaa, kisha Jumapili aende kanisani na kichwa cha lori na kugonga gari la mtu, kampuni inaweza kusema hakuwa kwa kazi yake. Ndiyo sababu kuna bima ya matumizi ya binafsi, ambayo shoferi anajilipia.

Tatizo ni neno "mapumziko". Mashine inayohesabu saa za kazi ndani ya lori inaweza kuandika kwamba shoferi anapumzika, lakini wenye bima wanauliza safari ilikuwa kwa faida ya nani. Akipeleka lori garaji, ao akienda kuchukua mzigo, bima ya binafsi inaweza kukataa: hiyo ni kazi. Kampuni nayo ikikataa, yeye anabaki katikati na barua za wanasheria.

Na mguu wake ukivunjika? Bima hiyo haimtibu, wala haitengenezi lori lake. Ile ya ajali za kazini kwa kawaida inaishia kazi inapoishia. Inabaki bima ya matibabu, kama anayo.

Mbele ya kutia sahihi, kuna swali moja la kuuliza kampuni na kuomba jibu kwa maandishi: "Nikishusha mzigo na kurudi nyumbani bila kitu, niko chini ya bima ya nani?"