Majani ya Viazi Yakijikunja, Tusikimbilie Mbolea

Huku Kieni, Naro Moru na kandokando ya Mlima Kenya, mara nyingi tukiona viazi vimedumaa na majani kugeuka manjano, tunakimbilia mbolea. Lakini kama ni virusi, pesa hizo zimeenda bure. Hebu tuangalie.

JANI NI JIKO
Ile rangi ya kijani hushika mwanga wa jua. Kwa maji kutoka mizizini na hewa ya kaboni, jani hupika sukari. Kazi hii huitwa usanisinuru. Sukari husafiri kwa vijishipa hadi udongoni, na huko hugeuka wanga wa kiazi.

VIRUSI HUHARIBU VIPI?
Virusi Y vya viazi hupunguza rangi ya kijani. Jani huwa na mabaka, na moto wa jiko unapungua.

Virusi vya kukunja majani huishi ndani ya vijishipa na kuviziba. Sukari ikikosa njia, hurundikana jani likiwa wanga. Ndiyo sababu majani ya chini hujikunja kwenda juu na kuwa magumu, ukiyabana yanalia. Jiko likijaa chakula kisichopakuliwa, kupika nako kunasimama. Wakati wa kuvuna tunapata viazi vidogo, tena vichache.

VINATOKA WAPI?
Vidukari huvibeba kutoka mmea hadi mmea. Njia nyingine ni sisi wenyewe: tunauza viazi vikubwa, tunabakisha vidogo vya kupanda. Lakini mmea mgonjwa ndio huzaa vidogo! Kwa hivyo kila msimu tunapanda ugonjwa tena.

TUFANYE NINI?
Dawa ya kuponya mmea hakuna. Ila tunaweza:
1. Kung'oa mapema mimea michache iliyougua, pamoja na viazi vyake.
2. Viazi vikianza kutoa maua, tuweke vijiti kwenye mimea yenye afya. Baada ya wiki mbili tukague tena. Uliougua, tuondoe kijiti.
3. Mimea yenye vijiti ivunwe kwanza, mmoja mmoja. Uliozaa vizuri ndio uwe mbegu, iwekwe kando.
4. Kikundi kichange kununua mbegu iliyothibitishwa, hata kama ni kidogo, na kuizidisha.

Viazi vya mmea wenye virusi hivi vyaweza kuliwa, havimdhuru mtu. Vipikwe, visipandwe.

SWALI LA KIKUNDI
Msimu uliopita, mbegu yetu ilitoka kwa mimea gani?