Je, Wajua? Mwili wa Mwigizaji Huanzia Kitabuni

Shule za sekondari za Kericho na Bomet, kwenye mashamba ya majani chai, hutembelewa na vikundi vinavyoigiza vitabu teule. Tamthilia ya Kigogo, yake Pauline Kea, iliyowahi kuwa kitabu teule, yaonyesha jinsi maandishi yanavyouongoza mwili: mhusika Sudi aanza akichonga karakanani, naye Tunu, akishaumizwa mguu, hatembei tena kama awali. Asiyesoma maelekezo ya jukwaani atapayuka maneno tu, mikono ikining'inia. Wapo wanaodai kuwa maonyesho huwafanya wanafunzi wavivu wa kusoma. Kwa mtazamaji tu, hoja hiyo ina uzito. Lakini anayeigiza hulazimika kurudi ukurasani kila anapokosa sababu ya kuinua mguu. Walimu, wapeni wanafunzi wenyewe jukwaa, kitabu kikiwa mkononi.